Jibu: Mawe niliyopaka rangi yamesombwa, ya pembeni hayajahama

Habari mkuu. Nimekuelewa: uliweka mawe yenye rangi juu ya kitanda cha mto ili upime maji yanavyohamisha mawe, mafuriko yakapita, yako yakasombwa mbali ilhali ya ukubwa uleule pembeni hayakuhama.

Kabla ya kurudia hesabu ya kasi ya maji, angalia kwanza uliyawekaje. Hapo ndipo nilipokosea mimi msimu mzima. Jiwe lililokaa mtoni muda mrefu limejipanga: limewalalia wenzake kama kigae cha paa, limeinamia upande maji yanakokwenda, na changarawe imejibana kwenye nyufa zake. Jaribu kuling'oa kwa vidole, utaona linavyoshikilia. Lako limekaa juujuu, maji yanalipiga mwili mzima, linabingirika mapema. Ndiyo maana jiwe dogo lililojificha nyuma ya kubwa hubaki, na kubwa lililochomoza huondoka. Kanuni ya Shields ya 1936, ile ya kukadiria nguvu ya maji inayotosha kuanza kuhamisha chembe za kitanda cha mto, ilitokana na chembe za ukubwa unaokaribiana, kwa hiyo kwenye mto wa mawe mchanganyiko itumie kwa tahadhari.

Safari hii chomoa jiwe la palepale, likaushe, lipake rangi, ulirudishe kwenye shimo lake kwa mkao uleule. Na jiwe likifukiwa, rangi haikusaidii tena. Mimi hutoboa tundu, natia sumaku, naziba kwa gundi, halafu natafuta kwa kifaa cha kutambua metali. Mafuriko ya kwanza usiyahesabu, yaache yapange mawe upya, vipimo vyako vianzie ya pili.