London mpaka Sydney ni masaa mangapi?

Umeuliza London mpaka Sydney ni mbali kiasi gani na ni masaa mangapi. Kwa mstari ulionyooka angani ni kama kilomita 17,000, yani karibu upande wa pili wa dunia kabisa. Ndege ya moja kwa moja sahau kwa sasa, lazima mtue mahali, wengi wanapitia Singapore au Dubai, kwa hiyo weka masaa 22 hadi 24 kama kuunganisha ni haraka, ukipata tiketi ya bei chee yenye kusubiri sana inaweza fika hata 30. Ila kutoka London mpaka Perth, mji wa magharibi mwa Australia, ipo ya moja kwa moja toka 2018, Qantas (shirika la ndege la Australia) wanaruka kama masaa 17 hivi, miguu itavimba lakini utafika 😅

Alafu usichanganyikiwe na tarehe, Sydney wako mbele masaa 9 mpaka 11 kutegemea msimu, ukitoka London jumatatu usiku unashuka jumatano asubuhi. Kurudi ndo kunachukua muda zaidi, upepo wa juu unavuma kutoka magharibi so ndege inapambana nao.