Jibu: Foraminifera ziwani Kisumu?

Mwalimu, umeuliza kama wanafunzi wako wanaweza kuchota foraminifera wanaoelea (viumbe wadogo mno wa seli moja wenye gamba) pale Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Hawatawapata, maana hao ni viumbe wa maji ya chumvi. Hata baharini hawakuenea sawasawa: karibu na midomo ya mito yenye matope, kama Sabaki, huwa haba kuliko kwenye bahari kuu. Aina mojawapo, Globigerinoides ruber, hupenda maji ya juu yenye joto na mwanga, kwa kuwa hufuga mwani mwilini. Linalonivutia zaidi ni kusi! Ikivuma pwani ya Somalia, maji ya baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini, na aina nyingine, Globigerina bulloides, huongezeka mno. Kaskazi ikiingia, hupungua.

Dunga watafute ostrakoda, wadudu wadogo wa maji wa jamii ya kamba na kaa, kwenye tope la ukingoni. Wana magamba mawili, na hadubini ya shule inatosha.