Daktari wa meno anajibu: Majani ya kuchuja au ya vifuko?

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Maji ya Chai, Arumeru. Mwanangu wa miaka 11 ana madoa ya kahawia kwenye meno ya mbele. Jirani anasema yameletwa na majani ya chai ya vifuko, nirudie yale ya kuchuja na maji niyachemshe sana sumu itoke. Mdogo wake ana miaka 3. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mama. Kwenye majani usijisumbue. Madoa kama hayo huku kwetu huletwa hasa na floraidi iliyozidi kwenye maji. Mchai ni ule ule. Ya vifuko yamesagwa laini zaidi, ndiyo maana chai inakolea upesi. Ni kweli mchai huvuta floraidi kutoka udongoni, hasa majani yaliyokomaa, na unga laini huiachia haraka. Lakini ya kuchuja nayo tunayatokotesha kwenye sufuria mpaka yawe meusi tii, tofauti inabaki wapi? Wewe kunywa unayoipenda. Huyo wa miaka 3 hahitaji chai ya rangi kabisa.

Ila hilo la kuchemsha! Nalisikia kila kukicha, na anayelisema huwa na uhakika kweli kweli. Moto unaua vijidudu. Floraidi si kijidudu, ni madini yaliyotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru. Haifi, wala haipandi na mvuke. Kinachopanda ni maji. Chukua lita 2 zenye miligramu 3 za floraidi kwa lita, zitokoteshe mpaka ibaki lita 1. Sasa una miligramu 6 kwa lita, wakati WHO inashauri isizidi 1.5. Yaani unampikia mtoto sumu iliyokolezwa, tena kwa mkaa wa kununua. Dawa ya klorini haiitoi. Chujio la mishumaa haliitoi. Chujio la makaa ya mifupa linaitoa, mradi makaa yabadilishwe yakichoka. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni nafuu kubwa, na usiyaweke ya kunywa tu: uji na mboga pia vipikwe nayo. Na magadi kwenye maharage acha, nayo yana floraidi.

Madoa ya mkubwa yaliingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya taya. Yamo ndani ya jino, hayakupakwa juu, kwa hiyo hakuna majani ya chai yatakayoyaondoa. Wala ule unga usio na lebo unaouzwa stendi, wala limao na chumvi. Watoto waliosuguliwa hivyo naletewa wakiwa hawawezi kunywa maji ya baridi: tabaka la juu limeliwa na asidi, doa liko pale pale, na muuzaji hapokei simu. Mlete kwa daktari wa meno mwenye leseni. Kuna madoa tunayoweza kuyapunguza na mengine tunayafunika.

Haraka iko kwa mdogo. Meno yake ya ukubwani yanajengeka sasa hivi, kwa hiyo badilisha maji yake wiki hii, usingoje yaote ndipo uanze kutafuta dawa.

Na nyinyi mnaochimba visima huko Oldonyosambu, Ngarenanyuki na kwingine kuzunguka Meru: maji maangavu yasiwadanganye, floraidi haina rangi wala harufu. Kisima cha jirani kuwa salama si cheti cha kisima chako. Peleka sampuli maabara ya maji kabla hujanunua simtanki.