Anza na ile ya 1934

Dada, umeuliza umwonyeshe mama filamu ya The Merry Widow ipi, ya 1925 au ya 1934. Anza na ya 1934 ya mwongozaji Lubitsch bana, ile nyingine ni filamu ya kimya na kazi ya Lehár, mtunzi wa muziki wake, bila kusikia watu wakiimba utamu wote unapotea, wakati humu Jeanette MacDonald, anayeigiza mjane, anaimba kweli kweli. Afu mwambie mama asiende jikoni pale mjane anapoamua kutoka eda, magauni meusi kabatini yanageuka meupe, viatu, kofia, hadi kijibwa chake nacho kinakuwa cheupe! Mi hapo huwa narudisha nyuma kila mara. Ila huyo mjane, aliyeitwa Hanna kwenye mchezo wa kuimba wa jukwaani Vienna, humu anaitwa Sonia, msichanganyikiwe.