VPN imefungua ukurasa. Pesa je?

SWALI: Assalaam aleikum fundi wa simu. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Kisauni. Kuna kasino moja ya nje nilikuwa nacheza kindege, ule mchezo wa ndege inayopaa ikizidisha dau, utoe pesa kabla haijatoweka; nina shilingi 18,400 kwenye akaunti. Pesa nilikuwa nikituma kwa nambari ya ajenti. Wiki mbili sasa tovuti haifunguki kwa bando. Kijana mmoja wa Mwembe Tayari akaniuzia VPN, programu ya kupitishia mtandao nchi nyingine, kwa shilingi 300, akanitumia kwa WhatsApp. Ukurasa umefunguka, lakini nikitaka kutoa pesa naambiwa akaunti inakaguliwa, na ajenti anataka 2,500 za kuifungulia. Hapa barazani wako wasemao serikali ipige marufuku kamari yote ya mtandaoni kama India. Mimi napinga, pesa ni yangu na jasho ni langu. Nitumie VPN ipi iliyo bora, na je, serikali yaweza kunizuia kweli?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Hizo 2,500 usizitume. Ukizituma, kesho utaambiwa kuna kodi ya 3,000, na kesho kutwa kuna uhakiki wa 4,000. Akaunti yenye 18,400 ikidaiwa ada, ada hukatwa humo humo.

Sasa hilo la VPN. Nachoka nalo, nikwambie kweli. Kila wiki huja mtu mezani kwangu, simu mkononi, ananiambia ukurasa umefungwa. Namuuliza: pesa zako anazo nani? Ananijibu ziko kwenye akaunti. Namuuliza tena: anazo nani? Ananikodolea macho kama niliyemuuliza jina la nyanya yake. Ile 18,400 unayoiona kwenye skrini si pesa, ni maandishi. Fungua ujumbe wa M-Pesa wa siku ulipotuma, usome jina lililoandikwa pale. Si Paybill, nambari ya malipo ya kampuni, ni laini ya mtu. Huyo ndiye aliye na pesa zako, tangu ulipomaliza kuandika PIN. Wala 456, ile nambari ya kuomba M-Pesa irudishe pesa, haitakufaa: ile ni ya aliyekosea nambari, nawe hukukosea.

Kufunga ukurasa ni kazi ndogo. Simu yako ikitaka tovuti, kwanza huuliza jina hilo lina anwani gani. Kampuni ya mtandao ikiamriwa, hunyamaza au hutoa jibu la uongo. VPN hulichukua swali lako ikaliulizia nchi nyingine, ukurasa ukaja. Basi, hapo imemaliza kazi. Italia imekuwa ikizifungia tovuti za kamari zisizo na leseni kwa njia hii tangu 2006, na hadi leo orodha haijaacha kurefuka, kwa kuwa anayefungiwa jina asubuhi husajili jingine kabla ya adhuhuri. Ubaya ni kwamba matapeli nao husajili. Ukurasa uliofunguka kwako baada ya wiki mbili, una hakika gani kuwa ni ule ule? Rangi na kindege mtu yeyote hunakili kwa jioni moja.

Serikali ikitaka kukuzuia kweli haihangaiki na ukurasa, hushika njia ya pesa. Hiyo India wanayoitaja barazani, sheria yake ya Agosti 2025 imezikataza na benki kupitisha pesa za michezo hiyo. Kwetu Kenya tuliyaona Julai 2019. Kampuni 27 za kubeti zilinyimwa leseni mpya, na Safaricom, wenye M-Pesa, ikaagizwa ifunge nambari zao za Paybill. Hakuna VPN ya kufungua Paybill. Mwaka huo huo kampuni ya kubeti ya SportPesa ikasimamisha shughuli zake nchini ikilalamikia ushuru wa asilimia 20 wa kila dau, klabu za soka za Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki bila mdhamini.

Wakati huo meza yangu ilikuwa Makadara. Nami napinga marufuku, lakini si kwa sababu yako ya jasho. Napinga kwa niliyoyaona pale mezani. Waliokuwa wakiweka mkeka wa shilingi hamsini kila Jumamosi hawakwenda kulima. Walikuja na simu zao niwawekee programu za kampuni ambazo hata sisi mafundi hatukupata kuzisikia, zisizo na ofisi wala nambari ya kupiga. Hapo ndipo neno "ajenti" lilipoanza kuzoeleka mezani kwangu. Zamani kampuni ikikunyima ushindi wako, ulikuwa na pa kwenda kulalamika, hata kama ungezungushwa. Hawa wa sasa utawashtaki wapi, na leseni yao hujui imetolewa kisiwa gani?

Wanaopinga marufuku wenzangu husema maneno mazuri ya uhuru, halafu wanamaliza na "kwani VPN si ipo?" Hapo ndipo tunapogombana. Hebu tazama yaliyowapata Wamarekani. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali yao ilizikamata tovuti tatu kubwa za poka, ile kamari ya karata, kwa siku moja: PokerStars, Full Tilt na Absolute Poker. PokerStars ilikuwa imetenga pesa za wateja mbali na zake, ikawarudishia Wamarekani baada ya muda mfupi. Full Tilt ilikuwa ikidaiwa na wachezaji duniani kote kama dola milioni 390, na akaunti zake za benki zilikuwa na kama milioni 60 tu. Zilizobaki zilikuwa zimekwisha kuliwa, tena kabla tovuti haijafungwa. Kwenye skrini kila mchezaji alikuwa akiona salio lake limekamilika, hadi senti. Wamarekani wengi walianza kulipwa 2014, na walilipwa kwa sababu PokerStars iliinunua Full Tilt katika mapatano na serikali. Ungewapa VPN nzuri kuliko zote duniani, wangeliona salio tu.

Kwako VPN imeongeza tatizo. Umejisajili kwa nambari ya Kenya, sasa unaingia ukionekana uko, tuseme, Uholanzi. Kampuni nyingi za kasino, hata zilizo halali, zimeandika kwenye masharti kwamba ukificha ulipo wana haki ya kuizuia akaunti. Hayo masharti hakuna ayasomaye, mimi mwenyewe nilikuwa siyasomi mpaka nilipoanza kuletewa kesi hizi. Kwa hiyo hata kama ungekuwa unadai watu waungwana, umewapa kisingizio.

Na hiyo VPN yenyewe. Faili ya kutumiwa kwa WhatsApp, kwa shilingi 300, si dukani kwa programu. Mwezi uliopita niliishika simu ya kijana mmoja wa Likoni, kioo kimepasuka kutoka kona hadi kona, ndani mna VPN ya namna hiyo hiyo. Nikaangalia ruhusa zake: kusoma SMS, kusoma orodha ya majina, kuchora juu ya programu nyingine, na ile ya Ufikivu iliyowekwa kwa ajili ya wasioona, inayoweza kusoma kila kitu kwenye skrini na kubonyeza badala yako. Nikamuuliza, VPN inataka SMS zako za nini? Hakuwa na jibu. Kazi ya VPN ni kupitisha data. Ruhusa ya kusoma SMS haiihitaji hata kidogo. Anayeihitaji ni mtu anayengojea msimbo wa benki uingie.

Kijana huyo huyo alikuwa na "kitabiri" cha kindege pia, 500 alikinunua. Nikaiweka simu kwenye hali ya ndegeni, bila data wala Wi-Fi, nikakifungua. Kikaendelea kutabiri! 2.31, halafu 1.08, halafu 7.60, hakina habari kwamba hakuna mtandao. Akacheka, kisha akanyamaza. Kindege halisi, ile Aviator ya kampuni ya Spribe, matokeo ya kila raundi hutokana na namba ya siri ya seva ikichanganywa na namba za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau. Kabla hao hawajaingia, matokeo hayapo, kwa hiyo hakuna cha kuchungulia. Mchezo huo umeundwa urudishe asilimia 97 ya madau: zungusha 10,000, na kwa wastani 300 hubaki kwao. Hiyo ni ile halisi. Hiyo ya ajenti wako hakuna aliyeikagua.

Wapo na wengine wa kuwaogopa zaidi, na watakujia wewe hasa, kwa sababu umeshaliwa. Watakuandikia kwamba wao ni wadukuzi wa kurudisha pesa zilizokwama, wana picha za watu wanaoshukuru, wanataka amana kidogo tu. Mara nyingi ni wale wale, wamebadilisha picha ya wasifu. Mwanamke mmoja wa Bamburi aliyekuja kwangu alikuwa ametapeliwa mara tatu kwa deni moja, mara ya mwisho kwa pesa ya Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Wengine hujiita maafisa wa serikali, na kila tangazo jipya la marufuku likitoka wao hupata soko jipya, kwa maana watu wana haraka ya kutoa pesa kabla mlango haujafungwa.

Usiku huu toa laini kwenye hiyo simu, itie kwenye simu ndogo yoyote ya mulika mwizi, ubadilishie PIN ya M-Pesa huko. Nywila za barua pepe na benki nazo zibadilishe kwa simu nyingine. Zima ruhusa ya Ufikivu kwanza, ndipo uitoe ile VPN, maana nyingine hukataa kutoka mpaka ruhusa hiyo izimwe. Ikikataa bado, hifadhi picha zako, ufute simu yote irudi kama ilivyotoka dukani. Ujumbe wa ajenti na zile SMS za M-Pesa zipige picha kabla ya kufuta chochote, uende nazo kituo cha polisi ukiwa na jina la yule uliyemtumia.