Pua iliyoziba: maswali yenu kuhusu upasuaji

Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 4 anakoroma sana na hulala mdomo wazi. Tumeambiwa ana nyama za puani, zikatwe. Naogopa. (Mama, Tanga)

Marahaba, mama. Nyama hizo zimekaa nyuma kabisa ya pua, juu ya kilimi, ndiyo maana ukimulika puani huzioni. Kila mtoto anazo, na kwa wengi huanza kusinyaa zenyewe kuanzia miaka 7 hivi, kwa hiyo si kila anayekoroma hukatwa. Usiku wa leo kaa karibu naye, mrekodi kwa simu akiwa usingizini. Ukiona kifua kinabonyea anapovuta hewa, kisha kimya cha sekunde kadhaa, halafu anashtuka akihema, huyo anakosa hewa usingizini. Mpeleke pamoja na hiyo video, usingoje akue. Operesheni hupitia mdomoni, kwa nusu kaputi, na haiachi kovu usoni. Mara chache nyama huota tena, hasa kwa waliokatwa wakiwa wadogo sana.

Juzi nilianguka na bodaboda. Pua haijapinda, ila imeziba pande zote mbili na maumivu yanazidi. Jamaa wanasema nisubiri uvimbe uishe. (Kijana, Morogoro)

Usisubiri, ndugu yangu. Nenda hospitali leo hii.

Ukuta unaogawa pua una gegedu (ile sehemu ngumu kiasi inayopindika, kama ya sikio) katikati, na gegedu haina mishipa yake ya damu: hulishwa na utando ulioishikilia. Pua ikigongwa, damu inaweza kuvia kati ya gegedu na utando. Gegedu ikikosa lishe, hufa ndani ya siku chache. Usaha ukiingia, upesi zaidi. Pua hudidimia katikati, njia ya hewa ikaharibika, na kuijenga upya ni kazi kubwa mno kuliko kutoa damu mapema. Mwombe daktari amulike ndani na kugusa ule ukuta. Akikuta kivimbe laini kinachobonyea, damu hiyo hutolewa siku hiyohiyo kwa mpasuo mdogo, kisha pua hubanwa kwa ndani isijae tena.

Ushauri wa kusubiri upo, lakini ni wa mfupa uliopinda, ambao kwa mtu mzima hurudishwa ndani ya wiki 2 hivi. Wengi huchanganya mambo haya mawili, na vijana wanapoteza pua zao bure.

Uma meno pia. Kama ya juu na ya chini hayakutani kama zamani, au unaona vitu viwiliviwili, au puani yanatiririka maji meupe kama ya bomba, sema mapema: huenda mifupa ya uso imevunjika, na utahitaji CT scan.

Nina ukuta wa pua uliopinda. Bila matone ya dukani silali, mwaka sasa. Nipasuliwe? (Nairobi)

Bado. Matone ya kuzibua pua, kama xylometazoline, yakipita wiki moja huanza kuziba pua yenyewe. Yaache kwanza kwa usimamizi wa daktari, mara nyingi kwa msaada wa dawa ya steroidi ya kupuliza. Watu wengi wana ukuta uliopinda na wanapumua vizuri tu.

Nilinyooshwa ukuta wiki iliyopita, bado pua imeziba. Operesheni imefeli? (Dodoma)

Hapana, huo ni uvimbe na magamba ya damu. Safisha kwa maji ya chumvi uliyoelekezwa, usipenge kwa nguvu, piga chafya mdomo wazi. Damu ikitoka mfululizo au homa ikipanda, rudi kwa aliyekupasua.