Hosteli Mpya, Watu Hawajuani: Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Niko mwaka wa pili chuo kimoja cha umma huku mikoani, nimechaguliwa kuwa mwakilishi kwenye hosteli mpya ya wasichana ilofunguliwa muhula huu. Jengo zuri, ghorofa nne, rangi bado inanukia, lakini dada hamna maisha kabisa. Mtu anaingia anafunga mlango basi. Grupu la wasapu limejaa matangazo ya mawigi na malalamiko ya maji. Tukafanya usiku wa kufahamiana, tukakodi na spika kubwa, wakaja wachache wakala bagia wakaondoka. Alaf kilichoniuma zaidi kuna mdada wa mwaka wa kwanza aliumwa malaria siku tatu yuko ndani peke yake, mwenzake wa chumba alikuwa kaenda kwao, hakuna aliyejua mpaka alivyojikokota mwenyewe zahanati. Nianzie wapi? – Mwakilishi, mwaka wa pili

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole, hasa kwa huyo binti. Hilo la malaria ndo swali lako lenyewe, mengine yote yanakuja nyuma yake. Siku mtu asipoonekana bafuni asubuhi na wakatokea wawili watatu wakamgongea mlango, hapo hosteli yako imeshakuwa jumuiya hata kama hamjawahi kucheza muziki pamoja.

Kwanza kabisa punguza eneo. Chukua hosteli za Magufuli pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizinduliwa Aprili 2017, majengo 20 ya wanafunzi 3,840. Ukigawanya unapata watu 192 kila jengo, sasa niambie nani ataweza kuwajua watu 192 ndani ya muhula mmoja huku ana testi, ana asaimenti, ana mambo yake. Kwa hiyo achana na jengo zima, shika korido. Wale wa vyumba kumi hivi wanaotumia bafu moja na ngazi moja, hao wanaweza kabisa kujuana majina, wakajua nani ana pumu nani ana sikoseli, nani hana ndugu mji huu. Kila korido wachague mtu wao wenyewe, usiwateulie wewe. Na kazi yake iwe moja tu kwa kuanzia, kujua kila jioni nani yupo, nani kasafiri, nani anaumwa. Mtu akisafiri amuage jirani. Ni kitu kidogo sana lakini kingekuwepo yule binti asingelala siku tatu na homa peke yake.

Pili niulize, mwaka wa kwanza mmewarundika ghorofa moja? Maana vyuo vingi hufanya hivyo kwa urahisi wa kupanga na mimi naona ni kosa kubwa. Kule Marekani chuo cha Yale wanafunzi wanaishi kwenye koleji ndogondogo ndani ya chuo, kila koleji ina ukumbi wake wa kula, maktaba yake na ua wake wa ndani, mfumo huo ulianza 1933. Mwaka 2017 wakafungua mbili mpya kwa mpigo, Benjamin Franklin na Pauli Murray (huyu Pauli Murray alikuwa mwanasheria Mmarekani mweusi, aliwahi kufundisha sheria Ghana miaka ya 60 mwanzoni, soma habari zake ukipata nafasi). Sasa hawakuzijaza mwaka wa kwanza peke yao, waliwachukua pia wanafunzi wa koleji za zamani waliokuwa tayari kuhama, watu wanaojua tayari kuishi na wenzao kukoje. Mgeni hawezi kumpokea mgeni mwenzie. Chuo chako hakina hela za Yale, sawa, lakini hili halitaki hela, ni karatasi ya kupanga vyumba tu, nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi mapema kabla hawajapanga vya muhula ujao umwombe achanganye.

Tatu, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri, watu wanahitaji pa kukaa. Wanafunzi waliopita Mlimani wanavijua vimbweta, zile meza za zege na viti vyake nje huko chini ya miti. Mtu anakwenda pale kupiga diskasheni, anakaa jirani na asiyemjua, wa huku wanabishana Simba na Yanga, wa kule hesabu imewagomea, nusu saa wameshaazimana kalkuleta. Majengo mapya mengi yana vyumba na korido tu, ukitoka chumbani hakuna pengine pa kuwa isipokuwa getini. Kwa hiyo angalia jengo lako watu hukwama wapi wakisubiri kitu. Nina hakika ni bombani. Maji yakiwa ya mgao ndoo zimepanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, wasichana wamesimama na kanga kifuani, kila mtu kainamia simu yake. Wawekee mabenchi pale. Mengine weka karibu na kamba za kuanikia nguo, maana mtu analinda nguo zake zisiibiwe anakaa hapo lisaa zima. Mafundi wa chuo wana mbao zilizobaki za ujenzi, omba. Benchi la bombani litakufanyia kazi ambayo spika ya kukodi haikufanya.

Halafu chakula. Kula pamoja hakuna mbadala wake, ila mipango yenu ipimwe kwa hali ya boom (hela ya mkopo ya kujikimu) likiwa limekata siyo siku limeingia. Ukisema kila mtu alete elfu tano, wale wasio na mkopo watasema wana pindi (kipindi cha darasa) usiku huo na hutawaona tena. Sema korido moja inapika Jumapili jioni, mwenye mchele kikombe alete, mwenye nyanya alete, asiye na kitu aje akune nazi. Kwa vile vyumbani jiko limekatazwa, muombe matroni sehemu ya nje. Jumamosi asubuhi usipange kitu una Wasabato humo ndani, na Ramadhani ikifika usiiache ipite, futari ya pamoja wanakuja na wasiofunga.

Grupu la wasapu ligawe, matangazo ya mawigi yawe na grupu lake, kila korido iwe na lake.

Na usikimbilie tisheti na jina la utani la hosteli. Makerere kuna bweni la wanaume la Lumumba na la wanawake la Mary Stuart, udugu wao mpaka ukapata jina, Lumbox, lakini ule umejengwa na vizazi vya wanafunzi. Wewe muhula huu ukipata korido mbili zinazojuana umefanya kazi.

SWALI: Mimi ni matroni wa hosteli, naishi nje ya chuo. Wasichana wakiniona wanapotea. Nifanyeje wanizoee? – Mama mlezi

JIBU: Shikamoo mama. Kwa heshima zote, wanapotea kwa sababu wanakuona siku ya ukaguzi tu, unatafuta hita na waliobebwa, yaani wanaolala vyumba vya wenzao bila kupangiwa. Kubebana kunatokana na vyumba kuwa vichache, hawa watoto hawafanyi kwa jeuri. Kwenye hizo koleji za Yale nilizotaja juu, mkuu wa koleji anaishi humohumo na familia yake na kula ukumbini na wanafunzi. Kama nyumba ndani ya chuo haipo, chagua jioni moja kila wiki uje bila daftari la ukaguzi, ukae nao tu, uulize wanatoka wapi, nani kapata sapu (mtihani wa kurudia). Wiki za mwanzo watakuogopa, usikate tamaa mama, endelea kuja siku ileile. Na namba yako ibandike kila korido, wakikupigia saa nane usiku mwenzao anaumwa, pokea, na ujue kabisa ni bajaji ipi itakuja kumchukua.